Kutengeneza kasiksi nyumbani Bukavu

Anayetaka kujifunza kutengeneza pombe nyumbani hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hana haja ya kuagiza shayiri kutoka ng'ambo, kwa kuwa migomba ya Kabare na ya kisiwa cha Idjwi inampa karibu kila kitu isipokuwa mtama. Kasiksi, pombe ya ndizi ya Kivu, haipikwi motoni hata kidogo, ingawa sote tunasema kupika pombe. Kazi yake ni kuivisha, kukamua na kungoja, na wengi wanaoiharibu huwa wameiharibu kabla hawajafika kwenye kukamua.

Tafuta ndizi za pombe zenyewe, zile ambazo zikiwa mbichi zina ukakasi unaokausha ulimi, si ndizi za kupika. Kabla ya kulipa, omba ukatiwe ndizi moja. Ugonjwa wa mnyauko wa bakteria, ambao uliingia kwetu kupitia Masisi, Kivu Kaskazini, mnamo 2001, huivisha ndizi chache kabla ya wakati huku mkungu uliobaki ungali kijani, na ndani huacha madoa ya kahawia. Ndizi ya namna hiyo haitoi maji hata ukiikanda mpaka jioni, kwa hiyo usikubali kuuziwa kwa bei ya huruma.

Kijijini mikungu hufukiwa katika shimo lililotandikwa majani ya migomba na kupashwa joto. Mjini, ambako wengi wetu hatuna ua, pipa safi lililofunikwa majani makavu na kuwekwa jikoni karibu na mbabula, yaani jiko la makaa, linatosha, na baada ya siku nne hadi sita ndizi zitakuwa tayari. Dalili ya kutazama ni ganda: liwe la manjano na litoke lenyewe kwa kuvutwa kidogo, huku nyama ikiwa laini lakini bado imeshikamana. Ndizi ambayo haijaiva sawasawa hainyumbuki, na iliyopita kiasi hugeuka uji usiochujika.

Menya, kisha changanya nyama ya ndizi na nyasi ndefu kavu zilizooshwa vizuri, na uanze kukanda kwa mikono miwili katika beseni pana. Kwa dakika kumi za kwanza utadhani umekosea, kwa maana unachokiona ni ugali mzito unaonata kwenye nyasi. Endelea. Ghafla ule mkandiko hulegea, povu jepesi hujitokeza kando ya vidole, na maji matamu yanayong'aa huanza kuteremka katikati ya nyasi. Hayo ndiyo mutobe, yaani maji ya ndizi yasiyochacha bado. Nyasi si mapambo: ndizo zinazokwaruza nyama na kuyafungulia maji njia ya kutoka. Nilijaribu mara moja kutumia mashine ya kusagia matunda ili nipumzishe mikono, nikapata rojo ambalo hakuna kitambaa kilichoweza kulichuja. Kilo 10 za ndizi zilizomenywa hunipa lita nne hadi tano za mutobe.

Baada ya kukamua, suuza nyasi kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, sehemu moja ya maji kwa sehemu tatu za mutobe. Atakayezidisha hapo anatengeneza pombe ya kuwaringia wageni wasiojua. Kisha kaanga mtama kidogo mpaka unukie, usage kwa mchelemchele, na uchanganye nusu kilo kwa kila lita 10. Mtama uliokaangwa huipa kasiksi rangi na ladha, lakini moto umeua chachu yake. Kwa hiyo ongeza konzi moja ya mtama uliooteshwa ambao haukupita motoni, au kikombe cha machicha ya pombe iliyotangulia.

Wazee walitumia mtumbwi wa mti. Sisi tunatumia bidoni, yaani dumu la plastiki, na bidoni hiyo iwe ya chakula, isiwe iliyowahi kubeba rangi, mafuta ya gari wala dawa za mashamba, kwa sababu plastiki haiachi harufu ya kilichokuwamo. Usiijaze zaidi ya robo tatu. Bukavu iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,500 na usiku wake ni wa baridi, basi izungushie blanketi. Chachu ikianza kula sukari hutoa hewa nyingi pamoja na kileo, na hewa hiyo lazima ipate pa kutokea: mwaka wa kwanza nilikaza kifuniko kwa nguvu, bidoni ikavimba kama tumbo la mbuzi, na usiku kifuniko kikaruka hadi darini. Tangu hapo ninapitisha mpira mwembamba wa serumu, ule wa dripu ya hospitali, kwenye kifuniko na kuzamisha ncha yake ya pili ndani ya chupa ya maji. Viputo vikipungua hadi kimoja kimoja, kwa kawaida siku ya pili au ya tatu, kasiksi imekomaa. Mwenye kipimo cha kioo kinachoelea, kinachoonyesha uzito wa mutobe ukilinganishwa na maji, anaweza kulinganisha: mutobe ulioanza kwenye 1.060 na kuishia 1.010 umefikia karibu asilimia 6.5 ya kileo.

Wapo watakaotamani kuendelea na kuikeneka kasiksi, yaani kuichemsha na kukusanya mvuke wake, ili wapate kanyanga, pombe kali. Mimi huishia hapa. Ndizi zina pektini, kitu kinachoshikamanisha nyama ya tunda, na pektini hutoa methanoli, kileo chenye sumu, ambayo huchemka kwenye nyuzi 65 huku kileo cha kawaida kikichemka kwenye 78. Hata hivyo viwili hivyo havitengani kwa urahisi, na methanoli haionjeki ulimini, nayo hupofusha. Mitambo mingi ya uani nayo hupoza mvuke kwa radiyeta kuukuu za gari zilizolehemiwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, na mvuke wa kileo unaovuja juu ya makaa huwaka.

Chuja kasiksi kwa kitambaa kizito, uiweke kwenye chombo kilichofunikwa lakini kisichokazwa, na uinywe ndani ya siku tatu au nne, kwani ikikutana na hewa na visubi itageuka siki. Kwa kuipakua, mwenyeji hutangulia kuvuta mrija kabla ya mgeni. Machicha yaliyobaki chini yaweke kikombe kimoja mahali penye ubaridi, ukihesabu juma moja tu, kwa ajili ya mikungu itakayofuata.