Namna ya kumshawishi bosi wa malori apandishe kontena kwenye treni

Ukitaka kampuni ya usafirishaji ihamie reli usianze na stori za moshi, anza na invoisi. Na usilazimishe, mwaka 2019 serikali ya Kenya iliagiza makontena yote ya Nairobi na bara yapande SGR (reli mpya ya kisasa) kutoka Mombasa, watu wakaandamana manake madereva, mafundi na wauza chakula walikosa riziki, na Novemba 2020 Mahakama Kuu ikaitupa amri hiyo.

Kaa na meneja wake, mwombe faili za mwezi uliopita, chagueni kontena moja tu mlifuate kutoka bandarini hadi godauni: dizeli, tairi, posho ya dereva, foleni ya mizani pale Mariakani, ile siku nzima ya kurudisha kontena tupu. Upande wa pili wa karatasi andikeni ya reli, lakini tafadhali msijidanganye, wekeni pia lori la kutoka bandari kavu ya Embakasi, Nairobi (yadi treni inakoshushia makontena) hadi kwa mteja, na storeji mzigo ukichelewa kutolewa, hapo ndo hesabu nyingi za reli huharibikia, unakuta nauli ya treni ni nzuri ila kipande kidogo cha mwisho kimekula faida yote.

Ndo maana mzigo lazima uchaguliwe. Mzito, wa kila wiki, usio na haraka, unaoshukia karibu na reli: chuma, ngano, mbolea. Kontena moja la kwenda Machakos waachie lori. Na mtafutieni mzigo wa kurudi, chai na kahawa zinashuka Mombasa kila siku, kontena likirudi limejaa hesabu inabadilika kabisa.

Usimwambie auze malori jamani, mwambie yafanye safari fupi za kutoka stesheni, dereva alale kwake. Mimi hili naliona ni kubwa kuliko yote.

Akishakubali kujaribu, sema makontena kumi kwa miezi mitatu, sasa mwonyeshe ya mazingira: treni moja ya kontena 108 za futi 20 inaondoa trela zaidi ya hamsini barabarani, na hata kama SGR ya Kenya bado inatumia dizeli (ya Tanzania ni ya umeme) kila tani inachoma mafuta kidogo kuliko kwa lori. Hiyo aipeleke kwa wateja wake wa nje wanaouliza mambo ya kaboni.

Ile karatasi ya hesabu muachie mezani, usiondoke nayo.