SOMO: Siku moja na familia kwenye machimbo ya kale na makorongo ya Death Valley, kutokea Las Vegas

Habari zenu wakuu. Kuna watu kadhaa wamenifuata inbox wanataka ile ruti ya Death Valley, ile hifadhi ya taifa ya jangwani huko California, haswa nyie mlioko Vegas na Henderson na wale mnaokuja kutembelea ndugu kutoka Phoenix au LA, sasa badala ya kumjibu mmoja mmoja naiweka hapa kila mtu asome. Ni mzunguko: mnatoka Vegas na barabara ya 95 mpaka mji mdogo wa Beatty, mnaingia bondeni kwa upande wa juu, mnashuka mpaka chini kabisa halafu mnarudi kwa njia ya Pahrump. Vituo ni vinne tu. Najua kuna watu wanaweka kumi, lakini ukiwa na watoto vituo kumi maana yake mnaona paking kumi na mnarudi mmenuniana.

Msimu kwanza, maana hapa hakuna utani. Nendeni kati ya Novemba na Machi. Hili ndilo bonde lililoandikwa joto la nyuzi 56.7 za Selsiasi pale Furnace Creek, kituo kikuu cha wageni cha hifadhi, tarehe 10 Julai 1913, na mpaka leo wakati wa kiangazi hifadhi yenyewe inawaambia watu wasitembee kwa miguu kule chini ikishapita saa 4 asubuhi. Nasikia watu wanasema "mimi wa Dodoma joto nalijua" au "nimekaa Muscat miaka yote". Sawa, ila usimpeleke mtoto huko Julai kwa ajili ya ubishi.

Hatua ya 1: jana yake usiku

Maji lita nne kwa kila mtu, na watoto wahesabiwe kama watu, usiseme huyu mdogo atakunywa ya kwangu. Weka deli la barafu, chapati, mayai ya kuchemsha, machungwa, na kitu chenye chumvi, maana mkitoka jasho mkanywa maji matupu tu mnaanza kuumwa vichwa. Viatu vya kufunika vidole, sio ndala. Ramani pakua kwenye simu ukiwa bado nyumbani kwa sababu netiweki ikishapita Beatty ni ya kubahatisha, na GPS isikupitishe njia za mkato, ukiona inakwambia kata hapa kwenye vumbi we endelea na lami.

Kiingilio ni dola 30 kwa gari na kinadumu siku 7. Hawapokei keshi, ni kadi au ulipie mtandaoni kabisa. Mwenye mtoto wa darasa la nne kwenye shule za Marekani aulizie ile pasi ya bure, inaingiza familia nzima iliyomo kwenye gari.

Hatua ya 2: Rhyolite

Ondokeni saa 12 asubuhi, saa 2 na kidogo mko Beatty, kama kilomita 190. Hapo jaza tenki lote, sheli za ndani ya hifadhi zipo lakini bei zake zinauma. Mkimaliza chooni na chai mnaenda Rhyolite, mji wa wachimbaji uliohamwa, ni dakika kumi tu, na hapo hamlipi chochote kwa sababu hamjaingia bado hifadhini.

Hapa ndipo mkae muda mrefu kuliko kote. Agosti 1904 wazee wawili, Shorty Harris na Ed Cross, waliokota jiwe la kijani lenye madoa ya dhahabu kwenye vilima vya jirani, na rashi ya dhahabu ikaanza, watu wakamiminika. Ndani ya miaka mitatu palikuwa na umeme, hospitali, nyumba ya opera, mpaka soko la hisa, watu maelfu katikati ya jangwa. Tajiri wa chuma Charles Schwab akanunua mgodi mkubwa wa pale mwaka 1906. Halafu 1907 mabenki ya Marekani yakayumba, hela za wawekezaji zikakauka, mgodi ukafungwa 1911 na umeme ukakatwa 1916. Waonyesheni watoto ile benki ya Cook ya mwaka 1908, ghorofa tatu, sasa imebaki kuta na madirisha yanayoonyesha anga upande wa pili. Na shule: walimaliza kujenga jengo kubwa mwaka 1909 wakati watu wameshaanza kufunga virago, haikuwahi kujaa. Mimi kile kishule ndicho kinanigusa kuliko benki, benki ikifa ikafa tu.

Halafu nyumba ya chupa. Mbao zilikuwa ghali kwa sababu mti hakuna, lakini baa zilikuwa kibao, kwa hiyo mwaka 1906 mzee Tom Kelly akakusanya chupa za bia kwa maelfu akazipanga kwa udongo kama tofali, vitako vinatazama nje. Ukisogea karibu utaona vile vitako vimepishana rangi, vya kahawia, vya kijani, vingine vimeingia kirangi cha zambarau kwa kupigwa jua miaka mia na zaidi. Alipomaliza hakukaa humo, akaichezesha bahati nasibu. Watoto wangu wa darasani walipewa kazi ya kuhesabu mstari mmoja wa chupa, tukapata dakika ishirini za utulivu, jaribuni.

Hatua ya 3: Keane Wonder

Kutoka Rhyolite mnafuata barabara ya 374, mnavuka Daylight Pass mnaanza kushuka, masikio yanaziba, wape watoto pipi. Mgodi wa Keane Wonder uko pembeni, kuna kipande cha vumbi kama kilomita nne na nusu, gari dogo linapita ukienda taratibu, ila mvua ikiwa imenyesha achaneni nako. Hapa walichimba dhahabu juu mlimani na kuishusha kwa ndoo zinazoning'inia kwenye waya, karibu kilomita moja na nusu, nguzo 13. Akili yake ilikuwa hivi: ndoo iliyojaa mawe inashuka kwa uzito wake na huku inaivuta ile tupu ipande. Hakuna injini ya kuzishusha. Chini kulikuwa na kinu cha kusaga mawe, wenzetu wa Geita mngekiita karasha. Kile kituo cha chini cha waya bado kimesimama, mnatembea dakika chache tu kutoka paking. Njia ya kupanda mpaka juu ipo lakini ni kali sana, kwa watoto hapana.

Hatua ya 4: Harmony

Fupi hii, nusu saa, ni mabaki ya kiwanda cha zamani cha boraksi. Shukeni mpaka barabara ya 190 halafu kushoto, kabla tu ya Furnace Creek. Hapa hawakuchimba dhahabu, walikuwa wanakwangua boraksi juu ya ardhi, ule unga mweupe ambao masonara wetu wanautumia mpaka leo kuyeyushia dhahabu. Kati ya 1883 na 1888 vibarua wa Kichina waliikusanya, ikachemshwa, ikapakiwa kwenye magari yanayovutwa na wanyama 20, nyumbu 18 na farasi wawili, kilomita 265 mpaka reli ya Mojave, siku kama kumi kwenda tu. Magari, mzigo na tangi la maji kwa pamoja vilifika tani 36. Gari lenyewe lipo, simamisha mtoto karibu na gurudumu la nyuma, linazidi mita mbili, piga picha. Na kiangazi kazi ilisimama, si kwa huruma kwa vibarua, ni kwa sababu maji hayakupoa vya kutosha boraksi igande.

Kula chakula cha mchana pale Furnace Creek, kuna vivuli, vyoo, maji ya bomba, na kwenye ofisi ya wageni watoto wanapewa bure kijitabu cha mazoezi, wakimaliza wanaapishwa na askari wa hifadhi na kupewa beji. Hiyo beji msiikose.

Hatua ya 5: Golden Canyon

Ingieni hapa kuanzia saa 8 mchana hivi, jua likishalala kidogo kuta zinakuwa za dhahabu kweli. Ni korongo la udongo uliogandamana, njia ni rahisi mwanzoni, watoto wanapita wenyewe. Angalieni chini, mtaona vipande vya lami. Zamani magari yaliingia humu, mafuriko ya Februari 1976 yakaibeba barabara yote. Hapo ndipo pa kuwafundisha watoto kwamba ardhi hii hainywi maji, mvua ya kilometa nyingi huko juu inateremkia kwenye uchochoro mmoja, kwa hiyo mkiona wingu jeusi milimani hata kama kwenu ni jua, hakuna kuingia korongoni. Geuzeni muda wowote mkichoka. Desemba jua linazama kabla ya saa 11 jioni, hesabuni hilo. Kurudi Vegas kwa Pahrump ni kama masaa mawili.

Haya, maswali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Twins: Asante kwa somo kaka. Nina mapacha wa mwaka mmoja, kigari chao cha kusukuma kitapita?

*Jibu:* Harmony kinapita vizuri, Rhyolite kwa kusukumana. Golden Canyon hapana dada, kuna mawe na vingazi, beba kwa kanga mgongoni. Keane Wonder baba abaki nao garini kivulini mpokezane, ila injini na AC viwake, mtoto haachwi kwenye gari lililozimwa hata dakika moja.

Mzee wa Tochi: Mkuu kule juu si kuna mashimo ya wachimbaji? Mimi nimezaliwa Chunya, duara (shimo la mgodi) siliogopi, naweza kuchungulia na vijana?

*Jibu:* Mzee wangu shikamoo. Duara la Chunya lina watu wanaolishughulikia kila siku, haya yana zaidi ya miaka mia hayana mwenyewe. Mbao zimeoza, kuna hewa mbaya ambayo haina harufu, unasinzia tu umekwenda, na kuna mashimo ya kwenda chini ndani kwa ndani gizani huyaoni. Mengi yamewekwa nondo zenye nafasi popo wapite. Ukikuta limeachwa wazi haina maana umekaribishwa. Tena mavi ya panya kwenye majengo ya zamani msiyatimue vumbi, kuna ugonjwa wa mapafu unaobebwa humo.

Dogo Janja 702: Kachupa kamoja ka zamani nikaokote niweke sebuleni kuna noma?

*Jibu:* Kuna noma. Chupa, msumari, kopo lenye kutu, jiwe, vyote ni mali ya umma, na ndani ya hifadhi ni kosa la kisheria. Piga picha.

Binti Pwani: Tukifika wakati wa swala inakuwaje? Na kibla?

*Jibu:* Mahali pa kutandika mkeka hapakosekani, Furnace Creek pana maji ya kutawadha. Kibla kutoka Nevada ni kaskazini mashariki, weka app kabla netiweki haijapotea.

Kaka Henderson: Umesahau Titus Canyon! Unaendesha gari ndani ya korongo lenyewe na kuna kambi ya Leadfield.

*Jibu:* Sijasahau, nimeiacha makusudi. Ni kilomita 43 za kwenda upande mmoja tu, huwezi kugeuza, inataka gari la juu, na mvua za Agosti 2023 ziliichanachana. Kabla hujafikiria kwenda angalia hali ya barabara kwenye tovuti ya hifadhi. Leadfield yenyewe ni kichekesho, posta ilifunguliwa Agosti 1926 ikafungwa Januari 1927, watu walikuwa wameuziwa hisa kwa maneno matamu kuliko madini yaliyokuwepo.

Shangazi wa Phoenix: Gari letu ni la kukodi, kuna shida?

*Jibu:* Shangazi soma mkataba, mengi yanakataza barabara za vumbi, taili ikipasuka huko unalipa mwenyewe na gari la kuvuta ni mamia ya dola. Kama umekatazwa ruka Keane Wonder, vituo vingine vitatu ni lami mpaka mlangoni, au tuseme Rhyolite kuna changarawe kidogo pale mwisho. Na hakikisha spea ipo, magari mengi ya siku hizi yanakuja na kichupa cha gundi tu badala ya taili.