Kusoma mpito wa kiikolojia kwa masafa ukiwa Lubumbashi

Masomo ya mpito wa kiikolojia yanahusu nishati, maji, udongo, misitu, taka, na namna watu wanavyoweza kuishi bila kuvimaliza. Lubumbashi ni mahali pazuri pa kuyasomea. Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inachimbwa Katanga kwa ajili ya betri. Wakati huohuo, majumbani bukari (ugali) bado inapikwa kwa makala, yaani mkaa. Kwa hiyo tafuta programu yenye tasnifu au mradi wa uwanjani utakaoufanya hapahapa. Programu ya video na maswali ya kuchagua jibu tu itakupa karatasi, lakini hutajua kupima kitu.

Soma kwanza jina kamili la diploma. Ukichagua chuo cha Ufaransa, lisansi (shahada ya kwanza, krediti 180) na masta (krediti 120) za taifa zinatambuliwa na serikali. DU (diplôme d'université) ni cheti cha chuo chenyewe, si lisansi wala masta. Neno « mastère » nalo hutumiwa na shule za binafsi kwa diploma ambazo mara nyingi hazina daraja la masta la serikali. Ukikusudia kuajiriwa serikalini au kuendelea na udaktari Kongo, uliza mapema kuhusu usawazishaji wa diploma wizarani Kinshasa, na uombe jibu la maandishi. Andaa diploma ya Serikali (ya kumaliza sekondari) na nukuu zote za alama za kila mwaka, kila moja PDF yake, pande zote mbili. Majalada mengi hurudishwa kwa sababu nukuu za mwaka mmoja zimekosekana, au jina la kwenye pasipoti halifanani na la kwenye diploma.

Halafu piga hesabu ya saa, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokwama. Krediti moja ya Ulaya ni saa 25 hadi 30 za kazi. Mwaka mzima ni krediti 60, yaani saa 1,500 hadi 1,800. Ukizigawa kwa wiki 40 unapata saa 37 hadi 45 kwa wiki. Hiyo ni kazi ya kutwa. Mwenye ajira aombe kusoma nusu ya masomo ya mwaka kila mwaka: krediti 30, kama saa 20 kwa wiki, na masta iishe kwa miaka 4. Vyuo vingi vinakubali, ila ombi lipelekwe wakati wa kujiandikisha, si baada ya kufeli mtihani wa kwanza.

Kuhusu ada, tangu 2019 Ufaransa ina kiwango cha juu kwa wanafunzi wasio wa Ulaya, lakini chuo cha umma kinaweza kukusamehe. Uliza kabla ya kukata tamaa. Ukituma kwa benki, sema gharama zote zilipwe na mtumaji. Usiposema hivyo, benki za katikati zinakata sehemu yao, ada inafika pungufu, na uandikishaji unasimama kwa sababu ya euro chache.

Saa za Paris nazo zinawachanganya watu. Majira ya baridi Lubumbashi iko mbele kwa saa moja: somo la 18:00 ni 19:00 kwako. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi saa zinalingana, hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Video ya ubora wa 360p hula takriban MB 300 kwa saa. Ya 720p hufika GB 1 au zaidi. Saa 5 za video kwa wiki ni kama GB 6 kwa mwezi kwa ubora wa chini. Pakua masomo usiku ikiwa mtandao wako una bei nafuu ya usiku, na katika somo la moja kwa moja zima kamera. Kwa umeme, betri ya volti 12 na Ah 100 ina Wh 1,200, lakini ile ya madini ya risasi isishushwe chini ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Wh 600 zinazobaki zinaendesha kompyuta ya wati 50 na modemu kwa saa 8 hivi, baada ya kutoa kinachopotea kwenye inveta. Paneli ya wati 150 inatosha kiangazi. Januari, mawingu yakitanda, usiitegemee peke yake.

Sasa uwanja wenyewe. Chukua mada ya makala. Tanuru la udongo hutoa kilo 10 hadi 20 za makala kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Mengine ni msitu wa miombo uliogeuka moshi. Kujua nyumba moja inatumia kiasi gani, pima gunia asubuhi kabla mbabula (jiko la makala) haijawashwa, waombe wachukue makala humo tu, kisha rudi baada ya saa 24 upime tena. Fanya hivyo siku 3 mfululizo angalau. Siku 7 ni bora, maana Jumapili chakula hubadilika. Andika idadi ya walaji kila siku. Mizani ya dijitali ya kuning'iniza inafaa: nyumba ikitumia kilo 2, mizani inayokosea gramu 500 imekuharibia robo ya jibu. Angalia pia masalio: makala yaliyozimwa kwa maji yanarudi gunini yakiwa mazito, na hesabu itaonyesha matumizi madogo kuliko ukweli. Yatenge, yakauke, yapimwe peke yake.

Kwa ramani, picha za satelaiti Sentinel-2 ni za bure, zina ubora wa mita 10 (kila nukta ya picha ni mita 10 kwa 10) na hupigwa kila siku 5. Faili zima linakaribia GB 1, kwa hiyo kata eneo lako mtandaoni kwanza, ndipo upakue na kulifungua kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani. Epuka Novemba hadi Machi kwa sababu ya mawingu. Linganisha mwezi uleule wa miaka tofauti, kwani miombo hupukutisha majani kiangazi, na msitu mzima unaweza kuonekana kama umefyekwa. Agosti na Septemba makovu ya moto yanadanganya vilevile. Mei na mwanzo wa Juni ndio wakati salama zaidi.

Ukichagua udongo wenye metali, kwa mfano upande wa Penga Penga karibu na kiwanda cha zamani cha kuyeyushia shaba, tafuta maabara na bei kabla ya kumwandikia msimamizi. Sampuli bila maabara ni mifuko ya udongo tu. Usiingie eneo la mgodi bila kibali cha maandishi, hata kama wachimbaji wanakufahamu.

Mtihani uulizie kabla ya kulipa: vyuo vingine vinataka ufike mwenyewe, na viza na tiketi vitazidi ada. Kazi za mwisho zipakie siku moja kabla, ukihifadhi picha ya skrini yenye uthibitisho na saa.