SOMO: Kujua kama mvua ya kupandia masika imefika (tambarare za Moshi na Arusha)

Ikifika Machi simu haitulii: "Imenyesha usiku, nipande mahindi?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Ni kwa wa Kahe, Mabogini, Mbuguni. Walioko juu kwenye migomba wana hesabu yao.

1. Shamba liwe limelimwa, mbegu iwe tayari nyumbani.

2. Sikiliza utabiri wa masika wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa), kipengele cha nyanda za juu kaskazini mashariki, sio cha Dar. "Wastani hadi chini ya wastani" ni jumla ya msimu, haikuambii wiki ya kupanda.

3. Tega kopo lenye kuta zilizonyooka, mbali na mti na paa. Asubuhi chovya rula. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba.

4. Hapa ndipo mbegu za watu zinapofia. Mvua moja kubwa, majirani wote jembe begani, nawe unaingia shambani. Mahindi yanachomoza, jua linawaka wiki mbili, unanunua mbegu upya. Mimi nangoja walau milimita 20 ndani ya siku mbili tatu, kisha nachimba shubiri moja, nachota udongo wa chini na kuufinyanga. Ukishikana, panda. Ukimomonyoka, rudi nyumbani.
ONYO: udongo mweusi wa mbuga ni mwongo, juu tope chini vumbi. Chimba sehemu tatu, wala sio kando ya mfereji. Na usimalize mbegu yote siku moja; nusu ya shamba isubiri mvua inayofuata.

5. Mstari hadi mstari sm 75, shimo hadi shimo sm 30, mbegu moja moja.

MASWALI

— Mkuu somo zuri. Kwa hiyo tarehe ngapi?
Namba 4.

— Makopo ya nini? Babu zetu hawakupima na walivuna.
Waulize hao wazee kama masika ya leo ndiyo yale yao. Kopo sijakulazimisha, gharama yake ni kumaliza maziwa ya unga.

— Shikamoo mwalimu. Baba anasema mvua imeharibika kwa sababu barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaisha. Ni kweli?
Marahaba binti, umeuliza vizuri. Barafu imepungua kweli, zaidi ya asilimia 80 ya ile ya mwaka 1912 haipo. Ila sio inayoleta masika. Unyevu wake unatoka Bahari ya Hindi. Hata maji ya mifereji yetu, mengi ni mvua inayonyesha kwenye msitu wa mlima, kwa hiyo baba aogope zaidi shoka kuliko barafu. Na mkisikia El Niño, lile joto la Bahari ya Pasifiki linalobadili mvua, hiyo huigusa zaidi vuli, kama ya 1997. Msipangie masika kwayo.

— Mbegu gani basi?
Mvua zikitabiriwa kuwahi kuisha, chukua ya siku 90 hadi 100.

— Kunguru wananifukulia!
Fukia sm 5, na watoto walinde asubuhi na jioni mpaka miche ishike.

— Naweza kuchanganya na mbaazi?
Changanya, tena mstari wa katikati. Mizizi yake inakwenda chini sana, mahindi yakishakauka zenyewe bado zinatoa maua.