Somo: Kutumbukiza diski kikapuni, sebuleni na uwanjani

Wakuu, salaam. Niko Minnesota, na huku Desemba ikiingia, saa kumi na moja jioni ni giza na theluji imefika magotini. Ndiyo maana nina kikapu sebuleni, karibu na kochi.

Kwa asiyeujua mchezo: gofu ya diski haina mpira wala fimbo. Unarusha kisahani cha plastiki kuelekea kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia juu yake, aina aliyoibuni Ed Headrick wa California miaka ya 1970. Anayetumia mitupo michache ndiye mshindi. Hapa nazungumzia mtupo wa mwisho tu, ule wa kutumbukiza. Diski yake sisi tunaiita pata, na jina limeiva: ama umepata, ama umekosa.

Majira ya baridi yaliyopita nilijifua ndani miezi minne, nikawa sikosi. Aprili nikaenda uwanja wa Kaposia kifua mbele. Mtupo wa kwanza, mita saba hivi: diski ikagonga ukingo wa kikapu, dung, ikaanguka majanini. Wa pili vilevile. Wa tatu ukapita chini kabisa. Nilikuja kugundua kwamba mwalimu wangu mbaya alikuwa dari. Lipo mita 2.4 tu, kwa hiyo mkono ulizoea kurusha diski ikiwa imelala. Kwa mita nne inatosha. Kuanzia mita saba diski inahitaji kupanda kidogo ili ifike ikishuka.

Hatua ya 1: ndani, mita 3 hadi 4. Funga uzi mwekundu kwenye pete moja ya mnyororo, usawa wa katikati, na macho yasitoke hapo. Ukilenga "kikapu" kwa jumla, mkono nao unalegea. Uzito uanzie mguu wa nyuma, uhamie wa mbele, na vidole vimalizie vikielekea kwenye uzi. Diski tano, dakika kumi na tano, basi. Ukichoka unafundisha mwili makosa. (Minyororo inapiga kelele. Jirani wangu wa chini aligonga dari lake kwa mpini wa ufagio, tangu siku hiyo navisha minyororo taulo.)

Hatua ya 2: piga magoti. Hii ndiyo dawa ya dari. Ukiwa magotini uko chini ya minyororo, huna budi kurusha kwenda juu, na nafasi unayo. Nusu ya mazoezi yangu ya ndani sasa ni hivyo. Weka mto, sakafu haina huruma.

Hatua ya 3: ganda. Kanuni inasema ukiwa ndani ya mita 10 kutoka kikapuni, usivuke alama yako (pale diski ilipotua mara ya mwisho) kabla hujaonyesha kwamba umesimama imara. Basi kila ukiachia diski, hesabu mbili ndipo utembee. Hili sebule inalifundisha vizuri kuliko uwanja.

Hatua ya 4: nje, diski moja. Ukibeba kumi, ya kwanza inakuwa ya kupimia upepo na tisa zinakudanganya. Mchezoni unapewa moja. Rusha, ifuate, simama mahali pengine, ikiwezekana mlimani au nyuma ya kichaka.

Upepo sasa. Ukija usoni huinua diski, ikapita juu. Lenga chini kidogo na uinamishe pua yake. Ukitoka mgongoni huikandamiza, ikafa kabla ya kufika, lenga juu. Wa pembeni ndio msumbufu zaidi: anayetumia mkono wa kulia akiinamisha diski upande wa kushoto, upepo wa kulia unaingia tumboni mwake na kuibeba. Haya hayafundishiki ndani, hata ukiwasha feni. Nimejaribu.

MASWALI

*Mkuu, niko Arusha, kikapu sina. Niagize?*
Usiagize kwanza. Tafuta tenga la nyanya, liweke juu ya kitu ili ukingo wake uwe kama sentimita 82 kutoka chini, kisha ning'iniza kamba za katani juu yake kutoka tawini. Kamba zinameza diski vizuri na hazipigi kelele.

*Ile frizbi ya watoto ya ufukweni haifai?*
Kwa kuonja tu. Ni pana na nyepesi, inaelea. Pata ina upana wa sentimita 21 hivi na wengi hutumia ya gramu 170 hadi 175. Mkono ukizoea ile, hii utaona kama sahani ya udongo.

*Kaka, ndani napata tisa kwa kumi, nje nne. Nibadilishe staili?*
Hapana dada. Wiki moja andika diski imekosea upande gani. Zikiwa chini zote, ni dari, rudi magotini. Zikitawanyika huku na huku, ni upepo au miguu. Na hiyo tisa ya ndani usiihesabu.

*Sisi wa Tanga, alasiri upepo wa bahari haukamatiki.*
Asubuhi mapema fanyeni mkono, alasiri fanyeni upepo. Ila kikapu kisiwe na bahari nyuma yake. Diski nyingi za mchezo huu huzama.