Mpe Mtazamaji Nafasi ya Mwamuzi: Kubuni Kriketi ya Uhalisia Pepe

Wengi wanaoingia kwenye kazi hii ya kuonyesha kriketi kwa miwani ya uhalisia pepe (VR) huanza kwa kununua kamera ya digrii 360, wakaiweka ukingoni mwa uwanja na kusubiri. Kabla hujatoa pesa, piga hesabu ndogo. Video ya 4K ina pikseli 3,840 kwa upana. Ukizitandaza kwenye duara zima, kila digrii inapata pikseli 10 na ushei. Mpira wa kriketi una kipenyo cha sentimita 7 hivi. Ukiwa mita 70 kutoka kwako, haujazi hata pikseli moja. Mtazamaji wako ataona nyasi, mawingu na watu wanakimbia. Mpira hatauona.

Kwa hiyo swali langu la kwanza huwa: mpira unaonekana vizuri kutoka wapi? Nimekulia Ngara, na mechi za Nairobi Gymkhana nilizitazama kutoka ubavuni mwa wiketi, vile vigingi vitatu anavyovilinda mpigaji. Ukikaa pale unajua kwamba mpigaji amekosa, lakini hujui kilichomponza. Anayejua ni mwamuzi, aliyesimama nyuma ya vigingi upande wa mrushaji. Yeye huona mpira ukitoka mkononi, ukipinda hewani, ukidunda na kubadili njia. Hiyo ndiyo nafasi ambayo tiketi haiwezi kukununulia popote duniani, na kwangu ndiyo sababu ya kuhangaika na miwani hii.

Jenga uwanja kwa vipimo vyake halisi. Kutoka wiketi hadi wiketi ni yadi 22, yaani mita 20.12. Vigingi vina urefu wa sentimita 71.1, na wiketi nzima ina upana wa sentimita 22.86. Ukivaa miwani na kusimama karibu na vigingi hivyo, vikufikie mapajani. Vikikufika kifuani, kuna kipimo umekosea, na kila kitu kingine kitaonekana cha uongo hata mtazamaji asipoweza kueleza kwa nini.

Mpira wenyewe uuchore kwa data, usitegemee video. Mifumo ya kufuatilia mpira imekuwepo kwenye televisheni tangu 2001, Hawk-Eye ilipotumika kwenye uwanja wa Lord's, London: kamera kadhaa zinauona mpira kutoka pembe tofauti, kompyuta inakokotoa ulipo. Data ya mechi kubwa ina wenyewe, kwa hiyo omba leseni kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu. Kama unafanya na klabu ya mtaani, simu mbili zenye kurekodi fremu 240 kwa sekunde, zikiwa kwenye stendi pembe mbili tofauti, zinatosha kuanzia mazoezi ya kwenye neti. Zirekodi kwa wakati mmoja, na vigingi viwe ndani ya picha zote mbili, maana urefu wake unaujua na ndio utakaokupa kipimo cha vingine vyote.

Anza na mrushaji wa spini, yule anayeurusha mpira polepole huku akiuzungusha. Mpira wa kasi ya kilomita 140 kwa saa unamfikia mpigaji kwa nusu sekunde hivi, na mgeni wa kriketi ataona kivuli tu. Spini ya kilomita 80 kwa saa inampa karibu sekunde nzima. Ndoto yangu ni kuijenga siku ya 24 Februari 2003, pale pale Gymkhana, Collins Obuya alipochukua wiketi 5 kwa mikimbio 24, yaani aliwatoa wapigaji watano huku mipira yake ikifungwa mikimbio 24 tu, na Kenya ikaifunga Sri Lanka kwenye Kombe la Dunia. Zilizobaki ni picha za televisheni, kwa hiyo njia ya kila mpira itakuwa makadirio, na mtazamaji aambiwe hivyo waziwazi. Historia yetu ya kriketi ni fupi mno kuichanganya na mambo ya kubuni.

Usimtembeze mtazamaji. Macho yakiona mwendo na sikio la ndani lisiuhisi, kichefuchefu hakichelewi. Anapohama kutoka kwa mwamuzi kwenda slipu, nafasi ya mdakaji aliye nyuma ya mpigaji, ifanye picha iwe nyeusi kidogo kisha ifunguke akiwa ameshafika. Fremu zisishuke chini ya 72 kwa sekunde. 90 ni bora.

Sauti nayo ina ukweli wake. Ukikaa mita 70 kutoka kwa mpigaji, unaona gongo likipiga kwanza, mlio unakufikia baada ya sehemu mbili za kumi za sekunde. Mtu aliyewahi kwenda uwanjani anaijua hali hiyo mwilini mwake. Kwa nafasi ya jukwaani, ichelewesheni sauti kiasi hicho hicho. Kwa nafasi ya mwamuzi, mlio na tukio viende pamoja, na ule mguso mwembamba wa mpira kwenye ukingo wa gongo usikike wazi bila muziki wowote juu yake.

Baina ya mpira na mpira kuna nusu dakika na zaidi, ambayo televisheni huijaza marudio na matangazo. Wewe iache. Hapo ndipo nahodha anamsogeza mchezaji hatua tatu, na mtazamaji akigeuza kichwa ataona mtego unategwa. Ubao wa matokeo uweke mahali pake, ng'ambo ya uwanja, na nakala ndogo mkononi mwa mtazamaji akigeuza kiganja. Usiutundike mbele ya uso wake. Kama kuna rafiki yake aliyeunganishwa, sauti yake itokee upande wa bega, kama jirani wa benchi.

Mechi ya ova 20 kwa kila timu, ova moja ikiwa mipira sita, huchukua takriban saa tatu, na miwani ya Meta Quest 3 ina gramu 515. Hakuna shingo ya kuivumilia muda wote huo, wala bando la kutosha kama unatuma video nzito. Ndiyo maana napendelea data: njia ya mpira mmoja ni orodha fupi ya namba. Gawa mechi kwa ova, mtu aivue miwani akanywe chai, na akirudi apewe wiketi alizozikosa kwanza, kila moja akiwa amesimama pale kwa mwamuzi.