Kutengeneza kipima ulevi cha mkononi kwa sensa ya MQ-3

Waya utaziunganisha mchana mmoja. Kinachokula muda ni kukifanya kifaa kitoe namba ya kuaminika, kwa hiyo usiikimbie hatua ya 5.

1. Vifaa: sensa ya MQ-3 (huhisi mvuke wa pombe) iliyokwisha wekwa kwenye bodi yake ndogo, Arduino Nano (kompyuta ndogo unayoiandikia programu), skrini ndogo, pawabenki, kikopo cha plastiki chenye mfuniko, na mirija. Achana na betri ya mraba ya volti 9. Hita ya sensa inakula karibu miliampia 150 muda wote.

2. Kutoka bodi ya sensa kwenda Arduino, unganisha VCC (umeme) na 5V, GND (ardhi) na GND, AO (volti ya kipimo) na A0. DO iache, hiyo hujibu ndiyo au hapana tu.

3. Sensa mpya iache iwake saa 24. Ndani kuna oksidi ya bati. Ikipata moto kwenye hewa safi, oksijeni hujishika juu yake na kunyakua elektroni, ukinzani ukapanda. Mvuke wa pombe huiondoa oksijeni hiyo, ukinzani ukashuka. Sisi tunapima huo mshuko.

4. Tafuta sifuri nje, mbali na petroli, manukato na vitakasa mikono (sensa hii haichagui). Rs = RL × (5 ÷ V − 1), ambapo Rs ni ukinzani wa sensa, RL ni ukinzani wa rezista iliyo kwenye bodi yake, na V ni volti ya A0. RL usiikisie: bodi nyingi za bei rahisi huja na rezista ya kiloomu 1, ilhali mtengenezaji wa sensa anapendekeza kiloomu 200. Ipime kwa multimita, umeme ukiwa umezimwa. Rs ya hewa safi iite R0.

5. Sasa kipe pumzi bandia. Changanya mililita 1.6 za ethanoli ya asilimia 95 na maji mpaka ifike lita 1. Spiriti ya kuwashia haifai, mara nyingi ina methanoli. Pasha mchanganyiko hadi nyuzi 34 za Selsiasi, karibu na joto la pumzi itokapo mdomoni, kisha pitisha hewa ndani yake kwa pampu ndogo ya tangi la samaki. Hewa itokayo juu hubeba takriban miligramu 0.47 za pombe kwa lita. Andika Rs/R0. Rudia kwa mchanganyiko wa nusu nguvu na wa robo, chora nukta zako kwenye grafu ya logi kwa logi (mihimili yote miwili iwe ya logarithimu), uzipitishie mstari. Mstari huo ndio uuweke kwenye programu. Ule wa kunakili mtandaoni ni wa sensa ya mtu mwingine.

6. Weka sensa ubavuni mwa kikopo, isipigwe na pumzi moja kwa moja, maana upepo huipoza hita. Mpimwaji asubiri dakika 15 tangu anywe au asukutue, kwani pombe iliyobaki mdomoni hupandisha kipimo. Apulize mfululizo, nawe usome mwishoni, hewa ya ndani ya mapafu inapofika.

Unyevu na umri huipotosha sensa, hivyo hatua ya 5 irudie mara kwa mara. Vipimo vya polisi vingi hutumia seli ya kemikali yenye platinamu, isiyodanganyika kirahisi hivi. Hiki chako kisikuamulie kama utashika usukani.